Laini ya Nne

Kwenye kona ya tatu ya mlima, Nakijwa aliingiza kidole gumba chini ya mkanda wa kifuani akalishusha gurudumu kutoka tano hadi nne. Uzito ukamrudia taratibu, kama mtoto aliyeshushwa mgongoni akaomba kubebwa tena. Mabega yakakaza, magoti yakaanza kulalamika. Akauma meno, akaendelea kupanda.

Betri ya mnara wa kileleni ilikuwa na kilo arobaini na mbili. Ilifungwa kwenye fremu ya mabomba mepesi ambayo wabebaji waliiita mbeleko, kwa sababu ilikaa mgongoni palepale anapokaa mtoto. Asubuhi ile walikuwa watu kumi na wawili njiani, mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu na betri yake. Barabara ya juu ilikuwa imebomolewa na mvua za mwaka ule mbaya na haikujengwa tena. Droni za mizigo zilijaribiwa, upepo wa mlimani ukazipiga zikadondokea korongoni moja baada ya nyingine, na mabaki yake bado yalikuwa yanang'aa kule chini jua likiyapata. Kwa hiyo chochote kilichotakiwa juu kilipanda kwa miguu ya watu, juu ya mawe yanayoteleza, mahali ambapo hata punda alikuwa anagoma.

"Mama Namkunda," Nanzia aliita kutoka nyuma. "Unatembea kama umebeba."

Huo ulikuwa utani wa wabebaji wote, na Nakijwa alikuwa ameusikia mara mia.

"Nimebeba."

"Umebeba nini? Weka kumi shoga, twende. Mimi hapa nawaza maharage tu. Sijui hata kama nina mgongo."

"Unao. Utauona ukizeeka."

"Nikizeeka nitampa mtu anizeekee."

Wa mbele wakacheka. Nanzia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mpana, mwenye sauti ya kuuzia samaki, na hakuna siku gurudumu lake lilikuwa chini ya kumi. Alikuwa anapanda huku akisimulia habari za harusi.

Kicheko kilikatika pale msimamizi Senkondo aliporudi nyuma kutoka mbele ya msafara. Alisimama juu ya jiwe akawapisha wengine, akamngoja Nakijwa.

"Gurudumu lako liko ngapi?"

"Nane."

"Mama, mimi nina macho. Mtu wa nane hashiki mapaja akipanda."

Nakijwa akaondoa mkono pajani.

"Ukungu unatanda saa nane," Senkondo akasema, na hakusema kwa hasira. "Ukitukuta kwenye Ngazi kule juu, mtu atakanyaga hewa. Sitaki kumrudisha mtu kwao amefungwa kwenye turubai. Ukiendelea kuchelewa nitakutoa kwenye msafara, na ukitoka, laini yako inapewa mwingine siku hiyohiyo. Unalijua hilo."

"Nalijua."

Alilijua kuliko Senkondo alivyodhani. Kutolewa msafarani kusingemuumiza. Alichoogopa ni hiyo laini kupewa mwingine. Akapandisha gurudumu hadi sita, uzito ukaondoka mabegani kama shuka linalovutwa, akatembea. Kila hatua aliyopiga aliomba msamaha kimyakimya kwa mtu aliyekuwa amelala mjini, kilomita mia nne kutoka pale.

*

Mambo ya upokezi ni rahisi kuyaeleza, ndiyo maana watu waliyakubali upesi.

Kisogoni mwa mbebaji hubandikwa kipande kidogo mfano wa kifungo cha koti. Misuli ikichoka hupeleka habari kichwani kupitia uti wa mgongo. Kile kipande huzidaka habari zile kabla hazijafika na kuzirusha mpaka mjini, kwenye kisogo cha mtu mwingine aliyelazwa juu ya mkeka. Mifupa inayobeba ni ya huyu, uchovu ni wa yule. Gurudumu la kifuani ndilo linalopima: likiwa kumi, kila kitu kinakwenda, likiwa sifuri, kila kitu kinabaki.

Walipokuja kuyaeleza kwenye mkutano wa kijiji, walikuwa na mashati safi na maneno laini. Mpokezi haguswi na jua, walisema. Hanyeshewi. Anakula mara tatu, analala kutwa, na mwili wake haupati hata mkwaruzo. Akina mama waliokuwa wamekaa kwenye nyasi wakatazamana. Kuna mzazi gani asiyependa mwanawe alale?

Na hata neno lenyewe walilichukua nyumbani kwetu. Kumpokea mtu mzigo ni adabu ya kila mtoto aliyelelewa. Namkunda, binti wa Nakijwa, alipokuwa mdogo alikuwa anaisikia miguu ya mama yake kabla hajatokea kwenye kona ya mnazi uliokatika kichwa, anakimbia bila viatu, mikono mbele: "Mama, lete nikupokee." Kuni, ndoo, hata mfuko wenye chumvi tu, alitaka apokee. Mtoto wa namna hiyo ukimwambia iko kazi ya kupokea watu mizigo, ataitikia kabla hujamaliza.

Alikuwa na miaka kumi na saba, kwa hiyo sahihi ya mzazi ilitakiwa. Nakijwa aliweka sahihi kwa kalamu aliyoazima, kwenye karatasi ambayo hakuisoma mpaka mwisho kwa sababu gari lilikuwa linaunguruma na yule kijana mwenye karatasi alikuwa anatazama saa. Mtoto haondoki nyumbani kwa mshindo. Anaondoka kwa mambo madogo kama hayo, na wewe mwenyewe ndiye unayemshikia begi.

Mwaka wa kwanza Namkunda alipiga simu kila Jumapili. Mwaka wa pili, mara mojamoja. Mara ya mwisho alisema, "Mama nimechoka, nitakupigia kesho," na ile kesho ilikuwa na miezi kumi na minane sasa. Ofisini walimwambia Nakijwa kwamba mpokezi na mbebaji hawaruhusiwi kujuana, na ndugu wa mpokezi hawapewi namba ya mkeka, kwa usalama wa wote. Walimwambia kwa upole sana. Wakampa na maji ya kunywa.

Ndipo alipojiandikisha kubeba. Watu walimshangaa, mwanamke wa miaka hamsini na moja. Lakini alikuwa amegundua jambo moja kwa kuwasikiliza wabebaji wakipiga soga: laini, yaani kiungo cha mbebaji na mpokezi wake, huvuja. Mbebaji akikaa kitako, laini hulegea, na kidogo cha mwili wa mpokezi humrudia. Mafundi walikuwa wanauita mvujo, wakisema ni kasoro isiyo na madhara. Wengine waliupuuza kama mtu anavyompuuza mbu. Nakijwa alipanda mlima kwa ajili ya huo mvujo tu. Wapokezi wote wa mlima ule walilazwa kwenye mji uleule alikopelekwa Namkunda. Mama aliyembeba mtoto tumboni miezi tisa, alijiambia, atautambua mwili wake hata ukija kidogo kama harufu.

Laini ya kwanza ilimletea njaa, njaa ya mtu mkubwa asiyeshiba. Si yeye. Akaenda kwa fundi akasema laini ni mbovu, inakwaruza. Akapewa ya pili. Ya pili ilikuwa na mtu anayeimba chini kwa chini, koo lake lilikuwa linatetemeka. Nakijwa alikaa nayo miezi mitatu akitamani, lakini Namkunda hakuwa mtu wa kuimba. Mbovu. Ya tatu ilimletea machozi machoni bila kulia mwenyewe. Mbovu hiyo nayo. Na siku zote zile alikuwa anapanda na kumi, maana mpaka athibitishe, aliyekuwa upande wa pili alimhesabu si wake.

Laini ya nne aliipata wiki tano zilizopita.

Sasa msafara ulikuwa umepumzika kwenye kijito, mbeleko zimeegemezwa kwenye mwamba. Nakijwa alikaa peke yake, miguu ndani ya maji, akafumba macho, akangoja. Mvujo ulikuja baada ya muda, kama unavyokuja usingizi. Kwanza joto la mkeka mgongoni. Kisha vidole vya mkono wa kulia vikajikunja vyenyewe, taratibu, na kidole gumba kikaingia ndani ya ngumi.

Namkunda alilala hivyo tangu siku ya kwanza ya kuzaliwa. Mkunga alicheka akasema huyu kaja na kitu kakificha mkononi.

Nakijwa akaufunika ule mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaushika hivyo mpaka Senkondo alipopiga filimbi.

"Umemwona tena?" Nanzia akamuuliza walipokuwa wanajitwika.

"Simwoni. Namsikia."

"Shoga, nikwambie kitu na usinichukie. Unajidanganya. Mtu wangu mimi naye ananiwashawasha kwapani. Nimwite nani, marehemu bibi yangu?"

Nakijwa alijifunga mkanda. Alitikisa mzigo mara mbili ukae sawa, akainuka.

*

Kibanda cha fundi kilikuwa kwenye upenyo wa mlima unaoitwa Mlango wa Upepo, mahali pa mwisho pa kupumzika kabla ya Ngazi. Kila msafara ulisimama pale robo saa, kila mbebaji akaguliwe kipande cha kisogoni. Fundi mwenyewe aliitwa Kihara, mtu mwembamba aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Nakijwa aliwaacha wenzake wote watangulie, akaingia wa mwisho.

"Laini yako leo inasoma nne, tano, sita, nne," Kihara akasema akitazama kibao chake cha kioo. "Kama mtu anayecheza redio."

"Fundi, nataka nimsikie."

"Tulishayazungumza haya, mama."

"Dakika moja tu. Ile sauti mnayojaribia laini."

"Ile ni ya ufundi. Nikikufungulia, nimejifukuza kazi." Akashusha kibao. "Laini tatu nimekuandikia mbovu, na zote zilikuwa nzima. Nimekuandikia kwa sababu ulikuwa unanitazama hivyo unavyonitazama. Sasa unataka na sauti."

"Safari hii ni yeye."

"Uliniambia hivyo kwenye ya pili."

"Ya pili nilikuwa natamani. Huyu namjua. Analala amekunja kidole gumba ndani ya ngumi."

Nje Senkondo alikuwa anawahesabu watu. Kihara alimtazama yule mama aliyekaa kwenye stuli yake, viatu vimeloa, mikono imetulia magotini kama mtu aliye tayari kukaa pale mpaka kesho. Akausukuma mlango kwa mguu ukajifunga.

"Dakika moja. Na usitaje mlima gani."

Akamvalisha kidude cha sikioni. Kwanza kulikuwa na mvumo, halafu pumzi. Pumzi ya mtu aliyelala chali, fupifupi, ya mtu ambaye mwili wake umetoka kupanda mlima bila kuondoka mahali. Miezi kumi na minane Nakijwa alikuwa ameyapanga maneno yake: ataanza na hili, atamwomba radhi kwa lile. Yote yakapotea.

"Umekula?" akauliza.

Pumzi ikasimama.

"Mama?"

Nakijwa akakikandamiza kidude sikioni kwa mikono miwili.

"Mama, ni wewe? Nilijua. Nilimwambia Hadija wa mkeka wa jirani, huyu anayebeba huku ni mama yangu, mama ndiye anayetikisa mzigo mara mbili kabla hajainuka. Akanicheka. Mama, mbona hujasema siku zote?"

Sauti ilikuwa nyembamba, yenye Kiswahili cha kusini, kile cha kuvuta mwisho wa neno. Namkunda alikuwa na sauti nzito, ya kukwaruza kidogo, tangu utoto. Sauti hii haikuwa yake hata ungeiosha mara ngapi.

Na bado Nakijwa alilihisi neno *ndiyo* limekaa kwenye ulimi wake, tamu. Angelisema tu. Yule binti angelala na furaha, na yeye angekuwa ameitwa mama na mtu, baada ya muda mrefu namna ile.

"Si mimi, mwanangu," akasema. "Mimi ni mama wa mtu mwingine."

Kihara alionyesha kwa kidole kwenye kibao: nusu dakika.

"Unaitwa nani?"

"Somoe." Sauti ilikuwa imeshuka. "Mkeka wa sitini na moja."

"Mama yako yuko wapi, Somoe?"

"Walimchukua kubeba. Hawakutuambia mlima gani."

"Na huko kwenu yupo Namkunda? Mrefu, ana kovu kwenye nyusi."

"Tunajuana wa mkeka kwa mkeka tu, mama. Tuko mia nne, na hii ni nyumba moja. Nyumba zipo nyingi." Kisha maneno yakaanza kukimbia, kama mtu anayeona mlango unafungwa. "Mama, usiniandikie mbovu. Nakuomba. Wanaoandikiwa mbovu wanapewa watu wa machimboni. Wale hawashuki chini ya kumi, na hawakai kitako. Aliyekuwa kwenye mkeka wa Hadija kabla yake alipelekwa huko, sasa hata kijiko hainui. Wewe unatembea vizuri. Mimi sitabonyeza kengele ya kulalamika, nitavumilia, ila usini..."

Kihara akakata.

*

Upepo ulikuwa unapiga bati la kibanda. Nakijwa akavua kidude cha sikioni akakiweka juu ya meza, polepole, kama kitu chenye maji ndani.

"Kumbe siye," Kihara akasema. Akachukua kibao, akapangusa kioo kwa mkono wa koti. Alikuwa ameshazoea. "Niandike mbovu? Kesho kutwa utapata ya tano."

"Ni kweli anayoyasema? Ya machimbo?"

"Nilidhani unajua."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza, mama." Akakwepa macho yake. "Laini ikiandikwa mbovu, huku kwetu ni kipande kibovu. Kule kwao ni mtu mbovu. Mtu mbovu hawezi kurudishwa mlimani, anashushwa. Mimi naandika tu."

Nakijwa akamkumbuka yule mwenye njaa. Akamkumbuka yule wa kuimba chini kwa chini, miezi mitatu, hata wimbo wenyewe alikuwa ameshaujua kwa koo bila kuusikia kwa sikio. Akamkumbuka yule wa machozi. Aliwashika mmojammoja kama mtu anayebonyeza maparachichi sokoni, hili siyo, hili siyo, na kila alilolirudisha lilikuwa limebaki na alama ya kidole chake. Walikuwa na mama zao. Mmoja wao, pengine, mama yake alikuwa anamtafuta kwenye mlima mwingine.

Fundi alikuwa anangoja, kidole juu ya kioo.

Na laini ya tano ingeweza kuwa Namkunda. Hilo ndilo lilikuwa gumu kulimeza. Hakuna aliyejua. Wapokezi wa mlima ule walikuwa wengi, lakini walikuwa na idadi; siku moja zamu ingemwangukia. Akibaki na Somoe sasa, amemfungia mwanawe mlango. Atakaa kitako kwenye kijito kila safari, afumbe macho, na ajue atakayekuja si wake. Alitamani kusema lile neno moja fupi, mbovu. Angelisema na kutoka nje, na Somoe angekuwa habari ya watu wengine.

Kisha likamjia wazo, na lilipomjia, akashika ukingo wa meza. Labda Namkunda naye alishapita kwenye laini ya mlima huu. Labda mama mmoja, mwenye moyo uliovunjika kama wake, alikaa kitako mahali, akausikia mwili wa Namkunda ukimjia, ule mkono wenye kidole gumba ndani ya ngumi, akasema: siye wangu. Akaenda kwa fundi.

Miezi kumi na minane bila simu. Hata kijiko hainui.

"Iache," akasema.

"Mama, elewa unachosema. Mbebaji mmoja, laini moja. Ukimwacha huyu hapa huna nyingine mpaka mkataba uishe. Kama binti yako yuko kwenye..."

"Nimesikia, fundi."

"Miaka miwili."

"Nimekwambia nimesikia."

Kihara akalaza kibao chini. Nje filimbi ikalia.

"Gurudumu likikaa sifuri," Nakijwa akauliza akiwa ameshasimama, "watamwondoa?"

"Sifuri?" Akamtazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani. "Mashine inaangalia kama laini ni hai. Haiangalii inapitisha nini. Lakini huko mbele ni Ngazi, mama, vidato mia tatu na kumi, na Senkondo haangalii mashine, anaangalia miguu. Ukisimama atakutoa. Ukitolewa, yule binti anapewa mtu mwingine, na umebeba bure." Akafikiri. "Na laini ikilegea hivyo, mvujo utakujia hata ukitembea. Yeye akilala, na wewe utasinzia. Usije ukasinzia ukingoni."

"Atalala?"

"Asipochoka? Atalala kama hajawahi."

*

Ngazi ilikuwa imechongwa kwenye mwamba mtupu, vidato vyake havikulingana, kimoja cha kifundo, kingine cha goti, na upande wa kushoto hapakuwa na kitu ila ukungu uliokuwa unapanda kutoka bondeni. Senkondo alitangulia. Wengine wakafuata. Nakijwa akawa wa pili kutoka mwisho, Nanzia nyuma yake.

Alijitwika. Akatikisa mara mbili, akainuka, akaweka kidole gumba kwenye gurudumu akalizungusha mpaka likagota.

Hakuwahi kuubeba wote. Tangu aanze kazi ile hakuwahi. Ulimwangukia mabegani kama ukuta, ukashuka kiunoni, ukaingia mapajani na kuwasha moto humo. Mguu wa kwanza aliouinua haukuwa mguu, ulikuwa gogo. Akaupandisha. Akaupandisha wa pili. Kwenye kidato cha kumi alidhani ameshafika nusu. Kwenye cha arobaini aliacha kuhesabu, maana hesabu nayo ilikuwa na uzito.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, basi. Hiki ndicho walichokuwa wanakipokea, yule wa njaa na yule wa wimbo na yule wa machozi, siku nzima, siku sita kwa wiki, wamelala chali, huku yeye akipanda na kusikiliza habari za harusi za Nanzia. Na Namkunda alikuwa amekipokea kwa mtu gani, zaidi ya mwaka mzima, kabla hajasema nimechoka nitakupigia kesho? Mama yake akamwambia, lala basi mwanangu, akakata simu akaenda kufua.

Mapafu yalikuwa yanawaka. Alitaka kushika mapaja, akakumbuka macho ya Senkondo, akaiacha mikono ining'inie. Mbele mgongo wa mwenzake ulikuwa unazama kwenye ukungu. Akaukimbilia, kama kule kuburuta miguu kunaweza kuitwa kukimbia, mpaka akauona tena. Hakuwa na ruhusa ya kuachwa. Ilimbidi abebe chote na aende kama asiye na kitu.

Halafu mvujo ukaja, kama fundi alivyosema, bila kukaa. Joto la mkeka. Pumzi iliyoanza kurefuka. Somoe hakuamini kwanza: Nakijwa aliuhisi mwili ule ukingoja, umejikaza, kama mtoto anayengoja kofi. Ukangoja. Kofi halikuja. Mabega yakaanza kulegea, moja, halafu la pili. Kisha usingizi ukashuka wote kwa mkupuo, mzito, mtamu, na macho ya Nakijwa yakafumba nao.

Mguu wa kushoto ukakanyaga ukingo, jiwe likachomoka likaenda zake chini bila kusikika lilipofika.

Mkono wa Nanzia ukamdaka mbeleko kwa nyuma.

"We mwanamke," Nanzia akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Unataka kufa na betri ya watu? Gurudumu liko ngapi?"

Nakijwa akauma shavu kwa ndani mpaka akaonja damu, apate kuamka. Akaendelea kupanda. Nanzia akanyoosha shingo, akachungulia mkanda wake wa kifuani.

"Sifuri. Umerukwa na akili." Wakapanda vidato vitatu. Nanzia akauliza tena, taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Fundi kakufungulia sauti, sivyo? Nilimwona akifunga mlango. Ni yeye?"

Nakijwa alihitaji pumzi mbili kupata nafasi ya jibu. Ndani ya mkono wake wa kulia, vidole vilikuwa vinajikunja vyenyewe.

"Siye."

"Sasa kama siye, unajiua kwa ajili ya nani?"

"Ni mtoto wa mtu." Kidato. "Ana jina. Anaitwa Somoe. Alidhani mimi ni mama yake." Kidato kingine. "Huyo anayekuwasha kwapani, Nanzia. Naye ni mtoto wa mtu."

Nanzia hakucheka. Nakijwa hakugeuka kumtazama, asingeweza kugeuka na mzigo ule bila kuanguka. Alisikia tu hatua za nyuma yake zikisimama. Zikakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba akadhani ameachwa peke yake na ukungu. Kisha akasikia gurudumu likizungushwa, halafu mguno, mzito, wa kutoka chini ya tumbo, mguno wa mwanamke anayejitwika kitu kwa mara ya kwanza. Na nyuma ya ule mguno, polepole, kwa kuburuta, mguu mmoja ukipanda.